Detroit iliizaa tekno, Berlin ikailea

"Strings of Life" haina besi. Unaweza kuisikiliza mara nyingi usiligundue hilo, maana piano imejaa kila mahali: inagonga, inakatika, inarudi kwa nguvu zaidi, na nyuma yake violini zinaingia kwa mikupuo mifupi na kunyamaza. Mwaka 1987 Derrick May, kijana wa Detroit, alichukua piano iliyopigwa na rafiki yake Michael James, kipande cha taratibu cha kusikilizwa umekaa kitini, akakikata vipande vipande, akakizidishia kasi na kukitandikia ngoma za mashine. Katika muziki wa kucheza, besi ndiyo inayoamuru miguu. Ndivyo ilivyo katika rumba, katika rege, na katika muziki wetu wa dansi tangu enzi za Mlimani Park. May aliitoa kabisa, na watu wakacheza. Karibu miaka 40 imepita na santuri hiyo bado inapigwa hadi majogoo, na mimi kila ninapoisikia nastaajabia ujasiri wa mtu aliyeitoa nguzo ya nyumba akijua paa halitaanguka.

Ukimuuliza kijana wa Dar es Salaam au Nairobi tekno ni muziki wa nani, huenda akakujibu kwamba ni wa Wazungu. Jibu hilo lina sababu zake, nitazifikia. Lakini walioianzisha ni vijana weusi wa Marekani, katika mji uliojulikana kwa magari, kwa ajili ya wachezaji wa mji huo huo. Na kuna jambo ambalo hata mashabiki wakubwa wa ng'ambo hulisahau. Santuri zile ni kazi ya mji mzima: mtangazaji wa redio, muuza santuri, fundi wa kuchonga michirizi, kiwanda cha kuchapa, na umati uliojaa ukumbini siku ya Ijumaa. Vipaji Detroit inavyo hadi leo. Inachopoteza, mwaka hadi mwaka, ni mnyororo huo wa watu.

Mnyororo ulianzia redioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970, WGPR, kituo kilichomilikiwa na watu weusi, kilikuwa na mtangazaji wa usiku aliyejiita The Electrifying Mojo. Jina lake ni Charles Johnson, lakini hakupenda kupigwa picha, na wengi waliomsikiliza kwa miaka hawakuwahi kuijua sura yake. Kipindi chake kilikuwa na sherehe ya kutua kwa chombo cha anga. Mojo aliwaomba wasikilizaji wawashe taa za barazani na kupiga honi ili kumwongoza ashuke salama, nao, mtaa baada ya mtaa, waliwasha taa na kupiga honi. Kisha akapiga muziki. Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf wenye vinanda vya elektroniki, walifuatishwa na Parliament ya George Clinton, halafu Prince, halafu The B-52's. Redio za Marekani wakati ule zilikuwa zimezoea kugawa muziki kwa rangi ya ngozi: huku wa weusi, kule wa weupe. Watoto waliokua na Mojo hawakufunzwa mpaka huo. Walipokuja kutengeneza muziki wao wenyewe, Düsseldorf na Detroit zilikuwa mitaa miwili ya mji mmoja vichwani mwao.

Wakati huo huo wanafunzi wa sekondari wa Detroit walikuwa na vikundi vyao vya kuandaa dansi. Walichapisha kadi za mwaliko, walivaa nguo za Kitaliano na kushindana nani ana DJ bora. Kundi moja lilijiita Charivari, jina la duka la nguo la New York, na mwaka 1981 A Number of Names wakatoa santuri iliyobeba jina hilo kwa tahajia yao, "Sharevari". Mwaka huo huo Juan Atkins na Rik Davis, askari aliyerudi kutoka Vietnam, walitoa "Alleys of Your Mind" kwa jina la Cybotron. Wapenzi wa muziki huu bado wanabishana ipi kati ya hizo mbili ndiyo santuri ya kwanza ya tekno. Kwangu mimi la muhimu ni kwamba zote mbili zilitoka mji mmoja, mwaka mmoja, zikapigwa na redio zile zile.

Kuna maelezo yanayorudiwa mno kuhusu muziki huu: kwamba tekno ni kelele ya viwanda vya magari iliyogeuzwa ngoma. Siyakubali yote. Atkins, May na Kevin Saunderson, watatu wanaotajwa kuwa waasisi, walikutana shuleni Belleville, mji mdogo wa kando ya ziwa kiasi cha kilomita 45 kusini-magharibi mwa Detroit, ambako wanafunzi weusi walikuwa wachache. Atkins aliishi huko na bibi yake. Walichokuwa nacho tele ni upweke, muda, redio, na barabara ndefu ya kwenda mjini usiku. Sikiliza "Night Drive" ya Atkins, aliyoitoa kwa jina la Model 500 mwaka 1985: ni muziki wa mtu anayeendesha gari peke yake huku taa za barabarani zikipita. Kiwanda kimo humo, lakini kwa njia ya mshahara. Chama cha wafanyakazi wa magari kilikuwa kimepigania malipo mazuri, na malipo hayo yalijenga tabaka la familia nyeusi zenye nyumba, gari na akiba ya kumnunulia mtoto kinanda. Kinanda cha kwanza cha Atkins kilikuwa Korg MS-10.

Halafu mshahara huo ukaanza kukatika. Detroit ilikuwa na wakazi 1,849,568 katika sensa ya mwaka 1950. Mwaka 1980 walibaki milioni 1.2. Ghasia za mwaka 1967 ziliua watu 43. Motown, kampuni ya santuri iliyoufanya mji uimbwe duniani, ilihamia Los Angeles mwaka 1972. Roboti ziliingia kwenye mistari ya kuunganishia magari. Atkins alikuwa msomaji wa Alvin Toffler, ambaye kitabu chake The Third Wave cha mwaka 1980 kilieleza maisha ya jamii baada ya zama za viwanda. Kwa wasomaji wengi kitabu hicho kilikuwa utabiri. Detroit ilikuwa tayari inaishi ndani yake, na Atkins aliuangalia wakati ujao bila kuulilia. Alitaka awe miongoni mwa watakaoishika mitambo.

Mitambo yenyewe ilikuwa imekataliwa na wengine. Roland ya Japani ilitengeneza TR-808 kuanzia 1980 hadi 1983, kisha TR-909 kwa muda mfupi zaidi. Wanamuziki wa studio walizidharau kwa sababu ngoma zake hazikufanana na ngoma za ngozi. Zikashuka bei na kuishia kwenye maduka ya vyombo vilivyokwisha kutumika, na huko ndiko vijana wa Detroit na Chicago walikozikuta. 909 ina vitufe 16 vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja kikiwakilisha sehemu moja ya kumi na sita ya duru ya mdundo. Unabonyeza pale unapotaka ngoma ilie, taa inawaka, duru inazunguka na kurudi, na huku inazunguka unaweza kuongeza, kupunguza, kukaza au kulegeza. Ni chombo kinachopigwa, na aliyekizoea hutambulika kwa mkono wake. May aliwahi kumuuzia 909 Frankie Knuckles, DJ mkubwa wa hausi wa Chicago, naye Knuckles ndiye aliyeipa "Strings of Life" jina lake. Miji hii miwili ilikopeshana vyombo, santuri na majina.

Mwaka 1985 Atkins alianzisha lebo yake, Metroplex, na santuri ya kwanza ilikuwa "No UFO's". May akafuata na Transmat, Saunderson na KMS, na lebo zote tatu zikawa jirani kwenye barabara ya Gratiot, karibu na soko kuu la Eastern Market. Nataka kukaa kidogo kwa Saunderson, maana hutajwa wa tatu na husifiwa kidogo kuliko anavyostahili. Mwaka 1988, kwa jina la Reese, alitoa "Just Want Another Chance". Besi yake ni nzito na inayumba: sauti mbili zinazokaribiana bila kulingana, zinavutana na kuachana polepole. Miaka michache baadaye vijana wa London waliokuwa wakiunda muziki wa jungle waliichukua besi hiyo, na hadi leo watengenezaji muziki wa Uingereza huiita "Reese". Mwaka huo huo wa 1988, Saunderson huyo huyo, akiwa na mwimbaji Paris Grey wa Chicago, alitoa "Big Fun" na "Good Life" kwa jina la Inner City. Zote mbili ziliingia kumi bora Uingereza. Mtu mmoja, mwaka mmoja, besi ya kutisha na wimbo wa furaha unaoimbika hata harusini.

Mei 1988 kulifunguliwa ukumbi katikati ya mji, namba 1315 ya mtaa wa Broadway, ulioitwa Music Institute. Haukuuza pombe. Watu walikwenda kucheza, May akiwa mmoja wa ma-DJ wake, na waliouhudhuria huzungumzia giza lake, taa moja ya kumulika na sauti yake safi. Ulifungwa Novemba 1989. Miezi 18 tu, na katika miezi hiyo santuri mpya za mji zilijaribiwa pale mbele ya watu waliojua kuzihukumu. Mtengenezaji aliweza kumaliza kazi wiki hii na wiki ijayo akaona kwa macho yake mahali ambapo wachezaji wanapoa.

Mwaka ule ule wa 1988 mfanyabiashara wa santuri wa Uingereza, Neil Rushton, alikuja kukusanya nyimbo za Detroit kwa ajili ya mkusanyiko wa lebo iliyokuwa chini ya Virgin. Ilikusudiwa uitwe kwa jina la hausi ya Detroit. Atkins alileta wimbo wake "Techno Music", na jina la mkusanyiko likabadilishwa kuwa Techno! The New Dance Sound of Detroit. Ulaya ikaupokea. Na hapo ndipo njia panda ilipoanza, kwa sababu Ulaya ililipa na Marekani haikulipa. DJ aliyekuwa akipata pesa ya mafuta ya gari Detroit aliitwa London, kisha Ghent, kisha Berlin, akapewa tiketi ya ndege na umati wa maelfu. Sioni wa kumlaumu kwa kupanda ndege.

Berlin ilikuwa na bahati ya wakati. Ukuta ulianguka mwaka 1989, mashariki ya mji ikabaki na majengo tele yasiyo na mwenyewe, na vijana wa pande mbili walihitaji mahali pa kukutania. Machi 1991 Dimitri Hegemann na wenzake walifungua Tresor ndani ya chumba cha kuhifadhia fedha chini ya lililokuwa duka la Wertheim, kwenye barabara ya Leipziger. Santuri ya kwanza ya lebo ya Tresor ilikuwa X-101, kazi ya Underground Resistance ya Detroit. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na Berlin ililea kweli: ilitoa kumbi, ilitoa maduka ya santuri kama Hard Wax, ilitoa sheria zisizoweka saa ya kufunga. Machi 2024 utamaduni wa tekno wa Berlin uliingizwa katika orodha ya taifa ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sina ubaya na heshima hiyo. Nasikitika tu kwamba Detroit hadi sasa haijapewa na nchi yake heshima ya uzito huo.

Underground Resistance wanahitaji aya yao. Mike Banks na Jeff Mills walianzisha kundi hilo kati ya 1989 na 1990, Robert Hood akajiunga, na msimamo wao ulikuwa wazi: santuri zimilikiwe na waliozitengeneza, sura zifichwe, muziki usimame wenyewe. Mills na Hood waliondoka mapema miaka ya 1990. Banks alibaki. Alijenga Submerge, kampuni ya kusambaza santuri za lebo ndogo za mji, ambayo tangu 2002 iko namba 3000 East Grand Boulevard, pamoja na jumba dogo la makumbusho ya tekno. Barabara hiyo hiyo, upande wa magharibi, ndiko iliko nyumba ya Motown, namba 2648, ambako wageni hupanga foleni. Mwaka 1999 DJ Rolando wa Underground Resistance alitoa "Knights of the Jaguar", santuri ya violini na ngoma za mkono yenye huzuni tamu. Sony ya Ujerumani ilitoa nakala yake, noti kwa noti, bila ridhaa. Mashabiki duniani waliandika barua pepe kwa wingi hadi Sony ikairudisha kabatini. Kampuni ya watu wachache wa Detroit ilishinda, lakini jambo la kukumbuka ni kwamba ililazimika kupigana.

Sasa niwataje wawili ambao majina yao hayakai kwenye jalada. Wa kwanza ni Ron Murphy, fundi aliyekuwa na mtambo wa kuchongea santuri katika kampuni yake, National Sound Corporation. Kabla santuri haijachapwa, lazima sauti ichongwe kwanza kwenye sahani ya laka kwa kisu kidogo chenye ncha ngumu. Besi kubwa huupanua mchirizi na kula nafasi. Ukitaka santuri ilie kwa nguvu ukumbini huna budi kuweka muziki mchache kila upande na kuiacha michirizi itanuke. Murphy aliijua hesabu hiyo kwa sikio. Akiwa na Jeff Mills alifanya na mengine ambayo viwanda vikubwa visingekubali kuyajaribu. Alichonga michirizi iliyofungwa, yaani mchirizi unaozunguka na kurudi ulikoanzia, sindano isitoke kamwe. Fikiria hesabu yake: santuri inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Ukiweka mapigo manne ndani ya mzunguko huo unapata mapigo 133 kwa dakika, kasi kamili ya tekno. Mdundo mmoja unaweza kulia usiku kucha kutoka kwenye duara moja la plastiki. Murphy alifariki mwaka 2008.

Wa pili ni kiwanda. Archer Record Pressing, kwenye mtaa wa Davison, kilifunguliwa na Norman Archer mwaka 1965 na kimeendelea mikononi mwa familia hiyo. Santuri nyingi za tekno za Detroit zilichapwa hapo. Santuri za plastiki zilipodharauliwa duniani na viwanda vikubwa kufungwa, lebo ndogo za tekno zilikuwa miongoni mwa wateja waliokiweka hai. Mtengenezaji wa miaka ile aliweza kurekodi nyumbani, kupeleka utepe kwa Murphy, kupeleka sahani Archer, kupakia maboksi kwenye gari lake na kuyashusha Submerge, bila kuvuka mpaka wa eneo la Detroit. Kila kazi ilikuwa na mtu unayemjua kwa jina. Ndiyo maana santuri hizi zina ladha moja hata pale watengenezaji wake hawafanani.

Tofauti zao ni kubwa kweli. Robert Hood alitoa Minimal Nation mwaka 1994 akiwa ameondoa karibu kila kitu: mdundo, milio michache mikavu inayohama taratibu, basi. Anayeisikiliza kwa dakika moja ataona hakuna kitu. Akivumilia dakika tano atagundua kwamba hakuna kilichosimama. Drexciya, yaani James Stinson na Gerald Donald, walijenga taifa zima chini ya bahari. Katika maelezo ya albamu yao The Quest, ya mwaka 1997, wanawake wajawazito waliotupwa baharini kutoka kwenye meli za watumwa walijifungua watoto waliojua kupumua majini, na watoto hao wakajenga nchi yao huko. Bahari yao ni Atlantiki. Msomaji aliyekulia Bagamoyo au Unguja hahitaji kuelezwa uzito wa hadithi hiyo. Muziki wenyewe hauna maneno mengi; una milio inayopanda mithili ya mapovu, na ngoma kavu zinazosukuma mbele bila huruma. Stinson alifariki mwaka 2002, kazi yake ikiwa inazidi kuongezeka.

Kufifia kwa nyumbani hakukuja siku moja. Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu kampuni moja kumiliki redio nyingi, na vipindi vya mtangazaji anayepiga apendacho vikaanza kukosa nafasi. Mwaka huo huo ulikuwa wa mwisho kwa The New Dance Show, kipindi cha televisheni ambamo watu wa kawaida wa Detroit walionekana wakicheza tekno na hausi, wamependeza, wakipita mmoja mmoja katikati ya mistari miwili. Tafuta picha za kipindi hicho kama unadhani tekno ni ya Wazungu. Motor, ukumbi mkubwa wa Hamtramck, ulifungwa mwaka 2002. Duka la Record Time lililokuwa Roseville, ambako ma-DJ walikutana kusikiliza santuri mpya za wiki, nalo limekwisha. Wakazi walikuwa 713,777 katika sensa ya 2010, na 639,111 mwaka 2020. Kati ya sensa hizo mbili, Julai 2013, mji wenyewe uliomba mahakama iutangaze kuwa umefilisika.

Sheria nayo imechangia. Michigan, jimbo lenye Detroit, husimamisha uuzaji wa pombe saa nane usiku, wakati ambao ukumbi wa Berlin ndio kwanza unajaa. Anayetaka kukesha Detroit imembidi atafute maghala na nyumba za sanaa, na huko polisi walimfuata. Mei 2008 walivamia dansi katika kituo cha sanaa cha CAID, wakawaandikia mashtaka zaidi ya watu 100 na kuchukua magari yao. Miaka minne baadaye jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba uvamizi ule ulivunja katiba. Lakini mtu aliyekombolea gari lake kwa mamia ya dola hafikirii mara mbili kuhusu kubaki nyumbani wikendi ijayo.

Wengine watanipinga kwa kunionyesha tamasha. Ni kweli, tangu mwaka 2000 karibu kila mwisho wa Mei kunakuwa na tamasha kubwa la muziki wa elektroniki katika uwanja wa Hart Plaza, kando ya mto, Windsor ya Kanada ikionekana ng'ambo. Mwaka wa kwanza lilikuwa bure na Carl Craig, mtengenezaji muziki wa Detroit, ndiye aliyechagua wanamuziki. Mwaka wa pili waandaaji walimwondoa, na hasira ya mashabiki haijasahaulika. Kiingilio kilianza 2005, na tangu 2006 linaendeshwa na kampuni ya Paxahau kwa jina la Movement. Nalipenda tamasha hilo kwa kuwa limewarudisha mabingwa nyumbani angalau kwa siku tatu. Siku tatu hata hivyo haziwezi kufanya kazi ya Ijumaa 52. Bibi wa mtaa wa mashariki aliyecheza "Sharevari" akiwa msichana hanunui tiketi ya tamasha. Angekwenda ukumbi wa karibu, kama ungekuwepo.

Na wanaobeba mnyororo wanaondoka. Mike Huckaby alifanya kazi Record Time kwa miaka, akifahamu mteja gani anahitaji santuri gani, kisha akawafundisha vijana kutengeneza muziki katika kituo cha Youthville. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Kyle Hall, ambaye leo anajulikana dunia nzima. Huckaby alifariki Aprili 2020, baada ya kiharusi na Covid-19. Kelli Hand, aliyeanzisha lebo yake Acacia mwaka 1990 wakati kumbi nyingi zilimchukulia mwanamke nyuma ya santuri kuwa kioja, alifariki Agosti 2021. Stacey Hale, mwenzake wa kizazi hicho, bado anapiga. Waajeed, mtengenezaji wa Detroit, ameanzisha Underground Music Academy ili vijana wa mji wajifunze kazi hii kutoka kwa wanaoijua. Hiyo ndiyo juhudi ninayoitilia matumaini kuliko makumbusho yoyote, kwa sababu Huckaby hakumfundisha Hall kwa maonyesho ya kabatini. Alimkalisha mbele ya mtambo.

Kwa msomaji anayetaka kuanza kusikiliza, mpangilio wangu ni huu. Anza na "Clear" ya Cybotron, ya mwaka 1983, uone Kraftwerk na fanki vilivyofungwa ndoa. Nenda "Strings of Life", safari hii ukijua cha kutafuta. Kisha "Hi-Tech Jazz" ya Galaxy 2 Galaxy, kundi la Mike Banks, ya mwaka 1993: saksafoni na kinanda vinaimba juu ya mashine, na mtu aliyelelewa na jazi hatapotea humo. Acha Drexciya na Hood mpaka masikio yazoee. Na umalizie na Tomorrow Comes the Harvest ya mwaka 2018, ambapo Jeff Mills wa Detroit anakaa na 909 yake mbele ya Tony Allen wa Lagos, mpiga ngoma aliyeijenga Afrobeat pamoja na Fela Kuti. Allen hapigi pigo moja mara mbili kwa namna ile ile. Mills anamfuata kwa vidole, anaongeza kitufe, anazima kingine, anachelewesha toni, na kuna mahali Allen anasita nusu pigo na mashine inasita pamoja naye.